Mliniuliza Kwa Nini Sikuvuka Tu Barabara Nikatafuta Kazi Nyingine

Swali hili limenijia kwa sura nyingi tangu kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi inyang'anywe leseni. Mjomba alilileta kwa upole: "Mwanangu, huko kazi si zimejaa? Ukitoka hapa si unaingia pale?" Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi alikuwa mkali zaidi, akataka kujua kama nimeanza kuchagua kazi. Na kwenye kundi la familia kuna aliyeandika kwamba mtu aliye Uingereza akisema hana pesa, basi anazificha. Nimemjibu kila mmoja peke yake hadi nimechoka. Leo naandika mara moja na kwa uwazi, ili na wengine wenye jamaa zao huku wasome.

Mimi nilikuja kwa kazi ya kea: kuwaogesha wazee na wagonjwa majumbani mwao, kuwavalisha, kuwapa dawa kwa saa zake, kuwapikia, kuandika ripoti na kwenda nyumba ya pili. Uingereza ilitufungulia mlango huo Februari 2022, wakati sekta hiyo ilipokuwa imekaukiwa na wafanyakazi. Ila visa yenyewe ina sharti moja ambalo watu wa nyumbani hawalioni, kwa sababu sisi wenyewe hatulitaji tunapopiga picha mbele ya theluji. Naruhusiwa kufanya kazi ile niliyoombewa, kwa mwajiri yule aliyeniombea. Jina lake limo kwenye cheti cha udhamini, COS kama kila mtu anavyoiita. Nikitoka kwake siwezi kwenda kuuza dukani wala kufagia ofisi. Siwezi hata kufanya kea ileile kwa kampuni ya mtaa wa pili, mpaka kampuni hiyo iwe na leseni ya serikali ya kudhamini wageni, ikubali kunipa cheti kipya, niombe visa upya, na jibu litoke. Huko ndiko kuvuka barabara kwenyewe, Mjomba.

Anayefutwa kazi Mombasa anaumia, sikatai. Kodi inamsubiri na karo inamsubiri. Lakini kesho yake anaweza kukaanga viazi karai nje ya nyumba, kuingia kwenye boda ya shemeji, au kurudi kijijini kwa mama akajipange upya. Hakuna ofisi itakayomwandikia kwamba ikifika tarehe fulani awe ametoka nchini. Huku mshahara na ruhusa ya kuishi vimefungwa kwenye fundo moja, na mwenye kulishika si mimi.

Kwangu ilianza na ratiba. Zamu zetu huonekana kwenye programu ya simu: jina la mteja, saa ya kufika, dakika za kukaa naye, na namba za kufungulia kile kisanduku cha funguo kilichopigiliwa ukutani kando ya mlango. Jioni moja ratiba ya wiki iliyofuata ikawa tupu. Nikadhani ni hitilafu ya mtandao. Nikampigia mratibu, hakupokea. Wenzangu nao kwenye kundi letu la WhatsApp, Wazimbabwe, Wanigeria na Wakenya, kila mmoja alikuwa akiuliza kama wengine wanaona kazi. Baadaye ndipo tukaambiwa leseni ya udhamini ya kampuni imefutwa na wateja wamehamishiwa kwa watoa huduma wengine. Bibi niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi sikupata hata kumuaga. Najua anavyopenda chai yake na najua mguu upi unamuuma, na sina ruhusa ya kuufikia mlango wake.

Wala kampuni yetu haikuwa peke yake. Serikali ya Uingereza yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii kwa sababu ya unyonyaji na udanganyifu, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa na waajiri hao. Hebu itazameni idadi hiyo. Wengi wao ni watu wa kwetu Afrika, na nyuma ya kila mmoja kuna familia iliyouza kitu ili afike. Aliyekosea ni mwajiri, ila anayebaki bila kazi na bila visa ni mfanyakazi ambaye hakuvunja kanuni yoyote.

Sasa nieleze zile siku 60 ambazo aliyeachana na mdhamini wake huachiwa atafute mwingine au aondoke nchini, maana hapa ndipo penye maneno mengi ya uongo.

Kwanza, mwajiri hawezi kukufukuza nchini. Mabosi wengi huwatisha watu kwa maneno haya: "ukiuliza saa zako nitakufutia visa." Visa hufutwa na Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani. Kazi ya mwajiri ni kuripoti, ndani ya siku 10 za kazi, kwamba humfanyii tena kazi. Baada ya hapo Home Office hukuandikia barua, siku hizi kwa barua pepe, kwamba visa yako imepunguzwa muda. Kwa kawaida wanakuachia siku 60, au pungufu ikiwa visa yenyewe ilikuwa imebakiza muda mfupi kuliko huo. Siku hizo hazihesabiwi tangu siku ya mwisho ya kazi. Barua yenyewe ndiyo huonyesha tarehe ya mwisho, na inaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, kabla haijafika.

Mtu wa nyumbani akisikia hivyo husema, basi una muda. Ninao, lakini muda huo sina ruhusa ya kufanya kazi nyingine kuujaza. Zile saa 20 za ziada kwa wiki tulizokuwa tukiruhusiwa kufanya kwa mwajiri wa pili zinategemea uwe bado unamfanyia kazi mdhamini wako. Msaada wa serikali pia siruhusiwi kuuomba, na visa yetu inasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo unakaa nyumbani ukisubiri barua ya kukuambia uondoke lini, na mwenye nyumba anasubiri kodi yake. Nilikwenda benki ya chakula kwenye ukumbi wa kanisa moja, maana hiyo ni misaada ya hisani na haivunji masharti ya visa. Nilipewa mfuko wenye tambi, maharage ya kopo, shayiri na maziwa ya muda mrefu. Nawaambia hili ili mjue kwamba mwezi ule mliosema nimewasahau, nilikuwa kwenye foleni hiyo.

Wenzetu walioko Marekani kwa visa ya kazi ya H-1B nao husema siku 60, ila zao zinaanza kuhesabiwa mara tu baada ya siku ya mwisho ya ajira. Afueni yao ni kwamba mwajiri mpya akishawasilisha ombi, mtu anaweza kuanza kazi kabla jibu halijatoka. Sisi ni mpaka visa mpya itoke. Ndiyo maana ushauri wa jamaa yako wa Texas usiupeleke kwa jamaa yako wa Leicester, na wa Leicester usimpe aliye Dubai. Na dada zetu wanaofanya kazi za ndani Ghuba wako kwenye shida kubwa kuliko yetu, kwa sababu anayewapa kazi ndiye anayewapa pa kulala. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kubadilisha mwajiri Machi 2021, wafanyakazi wa ndani hawakuwemo. Msichana akipoteza kazi kule, usiku huohuo hana kitanda. Akipiga simu nyumbani usimuulize kwanza amemkosea nini bosi.

Turudi kwenye kutafuta kazi. Serikali huweka hadharani orodha ya waajiri wote wenye leseni ya udhamini. Ni ndefu sana, na kuwa na leseni hakumaanishi kampuni ina nafasi, wala kwamba iko tayari kulipia cheti kingine. Mwaka 2025 ada ya cheti hicho ilifika pauni 525. Ukipiga simu, kabla hujamaliza kujitambulisha, unasikia: "Unahitaji udhamini? Samahani." Niliambiwa hivyo na kampuni ambazo tangazo lao la kazi lilikuwa bado liko mtandaoni.

Kilichonisaidia ni ofisi za ushirikiano za kimkoa zilizoanzishwa hapa England kwa ajili ya watu kama sisi. Nilijaza fomu, wakakagua uzoefu wangu, kisha wakaniunganisha na waajiri waliohakikiwa. Kuanzia Aprili 2025 mwajiri wa kea England alitakiwa kwanza ajaribu kuchukua watu kutoka kwenye kundi hili la waliopoteza wadhamini, kabla ya kumdhamini mgeni mwingine. Si wote wanaopata. Nina rafiki mwenye uzoefu kunizidi aliyekosa nafasi mara kwa mara kwa sababu ya leseni ya gari. Leseni ya Kenya huku inatumika miezi 12 tu tangu uanze kuishi nchini. Baada ya hapo ni mtihani wa Uingereza, wa nadharia na wa barabarani. Na kea ya majumbani, hasa vijijini, bila gari haifanyiki. Kwa hiyo wewe uliye huku sasa hivi na kazi yako imetulia, nenda kafanye mtihani huo kabla hujanunua chochote kingine.

Mengine nitayapitia haraka. Omba visa mpya kabla ya tarehe iliyo kwenye barua, maana ombi likiingia kwa wakati unabaki kihalali ukisubiri jibu hata tarehe hiyo ikipita. Ada ya visa hii mwaka 2025 ilikuwa pauni 304 kwa muda usiozidi miaka 3, na ile ada kubwa ya afya sisi wa kea hatulipi. Hifadhi hati za mshahara, mkataba na ujumbe wote wa bosi mahali ambapo kampuni haiwezi kuufuta. Kama unadai mshahara au siku za likizo ulizokuwa hujachukua, nenda upesi Acas, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, maana kwa utaratibu niliotumia mimi muda wa kudai ulikuwa miezi 3 kasoro siku moja. Anayekupa ushauri wa uhamiaji lazima awe wakili au amesajiliwa na serikali. Kutoa ushauri huo bila usajili ni kosa la jinai, hata kama ni mchungaji wako na ana moyo mzuri.

Mume wangu alinifuata kabla ya Machi 11, 2024, tarehe ambayo watu wa kea walizuiwa kuleta wake, waume na watoto. Yeye anafanya kazi ghalani, na kazi yake ilikuwa imara kuliko yangu. Lakini visa yake inaning'inia kwenye yangu, na yangu ilipokatwa yake ilikatwa. Mtoto naye yuko darasani, anasoma, ana rafiki, ameanza kuongea kwa lafudhi ya hapa. Jioni tulikuwa tukizungumza Kigiriama ili asielewe, kisha tukagundua anaelewa. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja. Nalisema hili kwa sababu najua ndoa ambazo zimevunjika ndani ya siku hizo 60, na lawama ndiyo iliyozivunja, kabla hata pesa hazijaisha.

Wapo wanaozama chini. Tarehe inapita, mtu anahama nyumba, anabadilisha namba ya simu, anaanza kazi za mkono kwa mkono, au anaendesha baiskeli ya kupeleka chakula kwa akaunti ya mtu mwingine na kukatwa nusu. Sitawatukana, maana naijua hofu inayowapeleka huko. Ila jueni kinachowapata: mwajiri akikutwa na mfanyakazi asiye na kibali anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 60,000 kwa kila mtu, kwa hiyo anayekubali kumchukua mtu wa namna hiyo amekwisha piga hesabu ya hatari, na anamlipisha huyohuyo mfanyakazi. Unalipwa nusu, au hulipwi kabisa, na huna pa kulalamika. Ukiugua unaogopa hospitali. Anayetoka mwenyewe kwa gharama yake ndani ya siku 30 baada ya visa kuisha hawekewi marufuku ya kurudi kwa sababu ya kuchelewa huko; akizidisha, marufuku inaanzia mwaka mmoja na kuendelea.

Kwa nini basi mtu asirudi tu nyumbani? Hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa sababu jibu liko kwenu zaidi kuliko kwetu.

Sababu moja ni ya kanuni. Tangu Julai 22, 2025 Uingereza haitoi tena visa mpya za kea kwa walio nje ya nchi. Tuliokuwa tayari ndani na visa hii bado tunaweza kubadilisha mwajiri, lakini ukishatoka, mlango ule haufunguki tena kwako. Kwa hiyo anayerudi anajua ametoka moja kwa moja kwenye kazi hii. Huo ni uzito wa kweli.

Sababu nyingine ni aibu na deni. Wengi tulikuja kwa mkopo wa sacco, na waliotuwekea saini ni walimu wenzetu, wajomba na majirani. Wengine shamba liliuzwa. Mtu akifikiria kushuka Moi International na begi moja, anawaona wote hao wamesimama uwanjani. Namfahamu dada aliyekaa bila karatasi kwa sababu kaka yake alimwambia kwenye simu, "Ukirudi mikono mitupu, utamwambia nini Baba?" Neno lile lilimfunga kuliko barua ya Home Office. Kaka yake hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu kwamba wakati anasema hivyo, dada yake alikuwa analala kwenye kochi la mtu, anaondoka asubuhi kabla wenye nyumba hawajaamka na kurudi usiku ili asionekane mzigo.

Kwa hiyo mtu wenu akiwaambia kazi imekwisha, jambo la kwanza mwambieni anaweza kurudi. Mwambieni kwa maneno kamili, na mzee wa nyumba aseme mwenyewe, asitume mtu. Huenda asirudi. Huenda akapata mdhamini mwingine kama nilivyopata mimi. Lakini anayejua nyumbani pako wazi hutafuta kazi kwa kichwa kilichotulia, na hawezi kukubali kila mtego anaowekewa. Mimi niliambiwa na mama. Alisema chumba changu kina magunia ya mahindi, lakini magunia yanahamishika. Siku iliyofuata nilipiga simu za kuomba kazi kwa sauti tofauti kabisa.

Pili, kaeni chini na wadhamini wa mkopo mapema. Sacco nyingi hukubali kupanga upya malipo mwanachama akieleza kwa maandishi kabla hajaanza kuruka miezi. Akinyamaza, wanaumia walioweka saini. Hilo linaweza kufanywa na ndugu aliye nyumbani, kwa barua moja na nakala ya notisi ya kazi, na linampunguzia aliye huku mzigo mkubwa sana.

Tatu, pesa. Nilipokuwa na kazi nilituma, na nimeanza tena kutuma. Miezi ile ya katikati karo ya wadogo zangu ililipwa na kaka aliyeko Malindi, ambaye kipato chake ni cha msimu wa watalii. Hakuna aliyemsifu kwenye kundi la familia, na mimi nilipokuwa nikituma nilikuwa nikisifiwa kila mwezi. Nataka ijulikane ni yeye aliyeshika nyumba. Na tangu sasa mambo ya karo yasiwekwe juu ya mtu mmoja aliye nje, maana riziki ya mtu huyo inaweza kukatwa kwa barua pepe moja asiyoitarajia.

Na nyinyi mnaoniandikia kwamba kuna wakala ana COS ya kazi ya kea Uingereza, anataka malipo nusu kabla ya mwezi kwisha: msimpe hata shilingi. Anayedai leo kwamba atakutoa Kenya au Tanzania kwa kazi ya kea anakuuzia kitu ambacho serikali ya Uingereza iliacha kukitoa Julai 2025. Hata kwa kazi nyingine zinazodhaminiwa, ada ya leseni na ya cheti cha udhamini ni ya mwajiri, na tangu Desemba 31, 2024 hairuhusiwi kumbebesha mfanyakazi. Kwa Kenya, angalia kama wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kwa Tanzania, uliza TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira. Kisha tafuta jina la mwajiri mwenyewe kwenye orodha ya wenye leseni, mpigie kwa namba uliyoitafuta wewe, si aliyokupa wakala, na umuulize saa ngapi za kazi kwa wiki zimeandikwa kwenye mkataba na wateja wake ni akina nani. Kampuni yenye kazi ya kweli itakujibu. Aliyekwisha kulipa atunze risiti za M-Pesa na ujumbe wote, aende polisi pamoja na wenzake waliolipa kwa mtu huyohuyo, na wasikubali kuzungumza naye mmoja mmoja.